Fuawe Lililogeuzwa Kiti

Mtaani walimwita Mama Kutu, naye hakuchukia, maana jina hilo alilitafuta kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa na kibanda mwishoni mwa soko la vitu vilivyotumika, kati ya muuza viatu na fundi redio, na humo aliuza vifaa vya mikono vya zamani: nyundo, randa, patasi, tupa, keekee za kuzungusha kwa mkono, na misumeno ambayo wenyewe walishaisahau. Asubuhi alifika na kitambaa cheupe cha kufutia. Jioni aliondoka nacho kikiwa na rangi ya tofali.

Wasiomjua walidhani ananunua chochote chenye kutu. Wapi! Alichagua kuliko bibi harusi dukani. Ukimletea nyundo, kwanza alichungulia tundu la mpini. Likiwa limepanuka au lina ufa ukingoni, alikurudishia bila maneno mengi. Randa aliipindua chali, akaweka rula kwenye tumbo lake na kuielekeza kwenye mwanga, aone kama kuna mahali pamebonyea. Patasi aliipima urefu, kwa sababu iliyonolewa miaka mingi hubaki kishina tu, na chuma kizuri kimeshakwisha.

"Patasi ni kama penseli, kaka," alimwambia mteja. "Ikishabaki kifutio, unanunua nini?"

Na alikuwa na sharti moja asilolegeza: mtu asisafishe kitu kabla ya kumletea. Kutu ilimwonyesha mengi, wapi palishikwa sana, wapi paliachwa kwenye unyevu. Aliyoiogopa ni rangi mpya.

Mdogo wake wa kiume alikuwa mhunzi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yake, chini ya bati: tanuri la makaa, mvukuto wa ngozi, na koleo za kila umbo zikining'inia ukutani kama popo. Alifua majembe, mashoka, bawaba na visu vya kukatia matawi. Wateja walimpenda kwa sababu kitu chake hakikurudi. Lakini mwaka ule lilimpata jambo. Fuawe lake, lile pande zito la chuma ambalo mhunzi hulaza juu yake chuma cha moto na kukigonga, lilipasuka. Pembe yake ilidondoka, na ufa ukakata uso wote kama mstari wa kiganja. Tangu hapo alikuwa akigongea juu ya kipande cha reli. Reli ni nyembamba shingoni. Ukiigonga inacheza, na nusu ya nguvu yako inarudi mkononi. Mhunzi alianza kuja mezani na kifundo cha mkono kimefungwa bendeji.

Mwenyewe hakusema neno. Aliyesema ni mkewe. Alifika kibandani asubuhi moja na kikapu cha nyanya, akajifanya anatazama misumeno.

"Wifi, huo msumeno huujui hata upande wake," Mama Kutu alimwambia. "Kaa hapa useme kilichokuleta."

Wifi alikaa juu ya kisanduku. "Ni mdogo wako. Mkono unamuuma, ila anajikaza. Juzi nimemkuta anaulizia bei ya mashine ya kuchomelea. Anataka kuacha kufua, awe anachomelea mageti."

"Mageti si kazi mbaya."

"Sijasema mbaya. Lakini umeshamwona akitoka kumsaidia yule jirani kuchomelea? Anakaa nyumbani kwake kama mgeni. Akitoka kwenye tanuri anaimba, wifi. Anaimba vibaya, lakini anaimba."

Mama Kutu alicheka. Alijua ule uimbaji tangu utotoni. "Basi nitamtafutia fuawe," alisema.

Kusema kulikuwa rahisi. Fuawe halipatikani kama nyundo. Wahunzi walikuwa wamepungua, na vifaa vyao vilikuwa vimeishia kwenye mizani ya vyuma chakavu, vikapondwa na kuyeyushwa pamoja na injini na vitanda vya hospitali. Mama Kutu alizunguka uwanja mmoja hadi mwingine akiwa na kinyundo kidogo mkobani na gololi ya chuma aliyoitoa kwenye beringi kubwa. Alipata mguu wa cherehani, jiliwa la kubania chuma lisilo na skrubu, na mivukuto miwili iliyotafunwa na panya. Fuawe hakuna.

Halafu muuza chuma chakavu mmoja, waliyemwita Mizani kwa sababu kila kitu kwake kilikuwa kilo, alimtumia ujumbe kwamba amempatia. Mama Kutu alifika mbio. Kweli, pale juu ya pipa lilikaa fuawe jeusi linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Umeona?" Mizani alisema, mikono kiunoni. "Hilo halijawahi hata kuguswa."

Mama Kutu alilizunguka mara moja. Aligonga ubavuni kwa kinyundo. Likatoa sauti fupi ya *ko*, kama kugonga mlango wa mtu asiyekuwepo. Akatoa gololi, akaishika usawa wa kifua chake na kuiachia juu ya uso wa fuawe. Gololi iliruka kidogo tu, ikajikongoja, ikalala.

"Hiki ni chuma cha kumimina kwenye kalibu," alisema. "Uso wake laini. Likipigwa nyundo kwa nguvu linabonyea. Na hapa," alikwangua kwa ukucha karibu na pembe, rangi ikabanduka pamoja na kitu cheupe kilaini, "hapa umeziba ufa kwa gundi ya magari."

Mizani alijikuna shingo. "Si mimi niliyeziba. Mimi nimepaka rangi tu."

"Fuawe zuri likidondoshewa gololi linairudisha, kaka. Inaruka karibu kufika ilipotoka. Hilo lako limeimeza."

"Basi lichukue kwa kilo."

"Lipeleke kwenye duka la maua, liwe pambo," alisema Mama Kutu, na wote wawili wakacheka, maana walijuana siku nyingi.

Aliyepata si yeye, ni wifi. Alikwenda kununua mkate kwenye duka la mikate la mtaa wa pili, foleni ikawa ndefu, akachungulia mlango wa nyuma ambako kulikuwa na tanuri. Karibu na ukuta alikaa ajuza mmoja akikunja mifuko ya karatasi. Alikalia mto wa maua, na chini ya mto kulichungulia kitu cheusi chenye ncha, kama pua ya mbwa aliyelala. Wifi alisahau mkate. Alitoka hapo moja kwa moja hadi sokoni.

"Ina pembe!" alisema akihema. "Ile kama ya mume wangu iliyokatika! Bibi ameikalia!"

Mama Kutu alimwomba fundi redio amwangalizie kibanda, wakafuatana.

Mwokaji alikuwa mwanamume mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi. Alipoelezwa shida yao alishangaa. "Lile dude la mama? Wala sijui ni nini. Marehemu baba alilikuta humu aliponunua jengo, kulikuwa na karakana ya mikokoteni. Haliondoki, hata kulisogeza tunaitana watu wanne. Nendeni mkaongee na mwenyewe."

"Shikamoo, Bibi," wageni walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mkate uko mbele, huku ni moto tu."

"Bibi, tunaomba tukione kiti chako," alisema Mama Kutu.

Ajuza alimtazama juu hadi chini. "Nimeulizwa mengi katika maisha yangu," alisema, "hilo bado." Lakini alinyoosha mkono ainuliwe, na mto ukaondolewa.

Mama Kutu alipiga magoti kulitazama. Mbele yake lilikaa fuawe zima juu ya kisiki kifupi, pembe ndefu iliyochongoka vizuri, tundu la mraba kwenye mkia, kingo zikiwa bado kali isipokuwa kona moja iliyomeguka kidogo. Hapakuwa na rangi. Uso ulikuwa umelainishwa na mto na miaka hadi ukawa na mng'ao wa kahawia. Aligonga kwa kinyundo. Sauti ilitoka nyembamba na ndefu, ikazunguka chumba, na paka wa dukani akakimbia chini ya meza. Kisha akaiachia gololi. Ikaruka. Ikaruka tena, na tena, ikipiga *ti-ti-ti-ti* kama mvua ya kwanza kwenye bati.

"Eh!" Bibi alisema. "Hebu rudia."

Akarudia. Bibi akaomba gololi aiachie mwenyewe, akacheka kama msichana, akaiachia mpaka mwokaji akaja kuona kuna nini.

"Sasa, linauzika?" mwokaji aliuliza. "Nipe hela ya gunia moja la unga, lichukueni, nitamnunulia mama kiti cha plastiki."

Hapo Wifi alimbana Mama Kutu mkono. Gunia moja la unga waliweza kulipata siku hiyohiyo. Mama Kutu alimtazama mwokaji na nyusi zake za unga, akamtazama Bibi aliyekuwa bado anaichezea gololi.

"Kaka, usiliuze kwa bei hiyo," alisema. "Hili si dude." Akamweleza ni kitu gani, kwa nini mengi ya aina yake yameyeyushwa, na mtu anayejua angelipa kiasi gani.

Macho yakamtoka mwokaji. Alivuta pipa tupu akakaa. "Mama," alisema polepole, "umesikia? Tungeweza kununua mashine ya kukandia."

"Nimesikia," alisema Bibi. Alirudisha mto mahali pake, akakaa. "Siuzi."

Njiani Wifi hakuweza kujizuia. "Si ungenyamaza tu, wifi! Neno moja tu ulitakiwa usiseme!"

"Ningenyamaza, halafu mkate wa kesho ningeununua kwao nikiangalia wapi?"

"Ungenunua kwingine."

"Kwingine mkate mbaya," alisema Mama Kutu, na Wifi, pamoja na hasira zake, akashindwa kubana tabasamu.

Walimweleza mhunzi. Alisikiliza bila kuacha chai yake, akauliza tu kona iliyomeguka ni ya upande gani. Kesho yake alivaa shati safi akaenda mwenyewe. Alimsalimia Bibi, akaomba ruhusa, akapitisha kiganja juu ya pembe ya lile fuawe taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe wa mwenzake. Hakutaja bei.

"Bibi," aliuliza, "kwa nini unakipenda kiti hiki?"

Bibi alifurahi kuulizwa. Watoto wake walishamnunulia viti vingi, alisema, na hakuna aliyeuliza. Kiti chenye kuegemea kinamlaza usingizi. Cha plastiki kinayumba, naye aliwahi kuanguka nacho mbele ya wateja. Kigoda kikiwa chini, magoti hayamwinui. Kikiwa juu, miguu inaning'inia kama ya mtoto. "Hiki hakinitikisi. Nikikaa nimekaa. Na hapa karibu na moto, chenyewe hakipati joto upesi. Nilianza kukikalia nikiwa mke mpya, tulipokuwa tunasubiri mikate ya kwanza iive. Mume wangu alisimama pale kwenye mlango wa tanuri, mimi hapa."

Mhunzi alitoa uzi mfukoni, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye goti la Bibi, akafunga fundo. "Nitakuletea kiti," alisema. "Kisipokufaa, nakiondoa na sikusumbui tena."

Kiti cha kwanza alikifua nyumbani juu ya ile reli, mkono ukimuuma njia nzima. Kilikuwa na miguu minne iliyopinda vizuri na kikalio cha bati nene. Bibi alikikalia mbele ya wafanyakazi wote. Sakafu ya tofali za zamani ilikuwa na mabonde yake, mguu mmoja ukabaki hewani.

"Kinanibembeleza," alisema Bibi, akienda mbele na nyuma. "Mwanangu, mimi nimeshakua." Baada ya muda mfupi aliinuka mwenyewe bila kusaidiwa, jambo ambalo halikuwa limeonekana siku nyingi. "Na kinachoma!"

Watu walicheka, mhunzi akacheka nao, ingawa masikio yalimwaka. Alikichukua kiti begani. Mlangoni alisimama, akageuka.

"Bibi, nilisema kisipokufaa sikusumbui tena. Nilikosea kusema hivyo. Naomba mara moja tu. Ila cha pili nataka nikifue hapahapa uani, juu ya hicho chuma chako, nikione kiti na sakafu na wewe kwa pamoja."

"Nitakaa wapi ukifua?"

"Juu ya magunia ya unga, Mama," alisema mwokaji haraka. "Nitakupangia."

Siku ya kazi walikuja wote watatu. Watu wanne walilitoa fuawe uani kwa kulivingirisha juu ya mabomba. Mhunzi alileta tanuri dogo la kubebeka, Wifi akavuta mvukuto. Mama Kutu alikuja na sanduku la vitu vya kibandani kwake: randa moja nzuri aliyokuwa hajapata moyo wa kuiuza, patasi mbili, keekee na msumeno. Kikalio hakingekuwa cha chuma safari hii. Mwokaji alikuwa ameonyesha ubao mnene ulioegemea ukuta wa stoo, ubao wa zamani wa kukandia unga. Katikati ulikuwa umelika, umefanya kibonde kipana.

"Hicho kibonde ni mimi," alisema Bibi kutoka juu ya magunia. "Mikono yangu hii. Miaka yote kabla magoti hayajanikataa."

"Basi kitakufaa kukalia," alisema Mama Kutu. Alikata mduara kwa msumeno, akapiga randa kingo tu. Kibonde hakukigusa.

Mhunzi alichomoa chuma kutoka kwenye makaa, kikiwa cha rangi ya machungwa yaliyoiva, akakilaza juu ya pembe na kupiga. Sauti iliyotoka hakuna aliyeitegemea, hata Mama Kutu. Ilikuwa safi, tena ilikuwa na furaha. Nyundo iliruka yenyewe kurudi juu, kama gololi, na mkono wa mhunzi haukuwa na kazi ila kuiongoza. Alipiga, akapiga, mguu wa kiti ukajikunja. Majirani walitokeza madirishani. Mkono uliofungwa bendeji uliendelea kwenda bila kusita, na baada ya kitambo mtu akaanza kuimba. Aliimba vibaya kweli. Wifi aliinamia mvukuto akajifanya moshi umemwingia machoni.

Bibi alikuwa ameacha kukunja mifuko.

"Kumbe," alisema nyundo ilipotulia, "kumbe miaka yote hii nimekalia mdomo wa mtu!"

Kiti kilikuwa na miguu mitatu, maana miguu mitatu hukubali sakafu ya aina yoyote. Mhunzi aliipima kwa ule uzi wenye fundo, akakaza kikalio kwa misumari aliyoifua palepale. Jioni kiti kikapelekwa mahali pake kando ya ukuta. Bibi alikaa. Alisogea kushoto, akasogea kulia. Alikanyaga chini miguu yote miwili. Aliweka kiganja pembeni ya ubao kuona kama unapata joto. Akainuka peke yake, akakaa tena, akainuka.

"Leteni mifuko yangu," alisema.

Mwokaji alipumua. "Kwa hiyo lile la nje, Mama, sasa tunaweza kuzungumza bei..."

"Chuma ni cha nani?"

"Ni chako."

"Basi bei ni yangu." Akamgeukia mhunzi. "Mlango wa tanuri umelegea bawaba tangu alipofariki mume wangu, na huyu mwanangu anauegemezea tofali. Uutengeneze. Pau za kuchomolea mikate zimepinda, uzinyooshe. Na kila kitu cha chuma kitakachovunjika humu ndani, nikiwa hai na nikiwa sipo, ni kazi yako. Umekubali?"

"Nimekubali, Bibi."

"Mama! Mashine ya kukandia!"

"Una mikono kama magogo. Kanda."

Mwokaji alishika kichwa, unga ukamwagika begani. Lakini mlango wa tanuri ulipokaa sawa, na joto likaacha kupotea, mikate ya nyuma ikaanza kuiva pamoja na ya mbele, alikiri kwa Mama Kutu kwamba makaa yanamdumu. Alisema mama yake akisikia hayo atakuwa hashikiki, kwa hiyo asiambiwe.

Fuawe lilisafiri kwa mkokoteni hadi karakana ya mhunzi. Alilichimbia gogo jipya ardhini, akalipandisha hadi uso wake ukafika usawa wa vifundo vya vidole vyake akiwa amesimama wima. Bendeji aliivua wiki hiyo. Habari za mashine ya kuchomelea hazikusikika tena pale nyumbani.

Mama Kutu alipita Jumapili mchana na mkate wa moto kwapani. Alimkuta mdogo wake amekaa juu ya ndoo, anatazama tu, kama mtu aliyepata mtoto.

"Umeridhika?" alimuuliza, akikata mkate.

"Sana, dada." Alitafuna, akafikiri. "Ila jiliwa langu nalo, meno yake yameisha kabisa. Huko unakozunguka hujaona..."

"Wewe mtoto!" alisema Mama Kutu. "Meza kwanza."

Wifi alicheka kutoka jikoni. Mama Kutu naye alicheka, akavuta ndoo nyingine akakaa. Alimega kipande kingine cha mkate, na alipokuwa akikitafuna alianza kujiuliza ni nani aliyemwambia kuhusu karakana moja ya zamani, iliyofungwa na vifaa vyake ndani, kule nyuma ya kiwanda cha maji.